Télesphore Zihalirwa na Dirisha la Muhumba

Padri wetu, ndugu wa Nyangezi, na nyinyi wa Bukavu mliofika mpaka hapa na hii mvua: anayewasomea ni Pascal, mdogo wa marehemu. Ameombwa na familia awe mfupi na asikasirike. Kuwa mfupi, atajaribu.

Télesphore Zihalirwa alizaliwa tarehe 14 Mei 1932 hapa hapa Nyangezi, mtoto wa kwanza wa mzee Isidore na maman Virginie. Shimo mnaloliona limechimbwa hatua ishirini tu kutoka pale alipozaliwa, ndani ya migomba ya baba yake. Mwaka 1972, serikali ilipofuta majina ya ubatizo na kutuita sote citoyen, yaani raia, karani alimwandika Zihalirwa tu. Télesphore akamwambia, "Andika unachotaka, citoyen. Mama yangu hasomi, ataniita vile amezoea." Na kweli, maman alimwita Télesphore mpaka alipofumba macho.

Shule aliianza misioni mwaka 1940, akaiacha darasa la tatu baba yetu alipofariki. Tusidanganyane kwa sababu ni matanga: hesabu zilimshinda. Mwalimu alimchapa, namba hazikuingia. Basi akajitafutia njia yake. Alisuka kamba ndefu ya katani, na kila kipimo alichotaka kukikumbuka alikifungia fundo. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka. Kamba ile aliivaa kiunoni miaka zaidi ya arobaini, na hakuna fundo alilosahau lilikuwa la nini.

Mwaka 1949 alishuka Bukavu kujifunza uashi na useremala. Mwaka 1955 aliingia kwenye kazi ambayo ndiyo imekuwa maisha yake: nyumba ya Monsieur Emile, Mubeleji wa mashamba ya kinini, miti ya dawa ya malaria, kwenye rasi ya Muhumba, komini ya Ibanda. Wengi wenu mumeiona kutoka ziwani. Paa bapa, ukuta wa mawe meusi, baraza iliyopinda, na sebuleni dirisha moja la kioo linaloenda toka ukuta mpaka ukuta, ziwa lote mbele. Wakati ule nyumba za namna ile zilikuwa mpya, watu walisema imesahauliwa paa. Télesphore alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alipima kila mlango na kila dirisha kwa kamba yake, hakuna aliyemtuma.

Tarehe 3 Agosti 1957 alifunga ndoa na Adolphine Nabintu, parokia ya Kadutu. Mungu aliwapa watoto wanne. Siku ya harusi, mbele yetu sote, bwana harusi alijitapa: "Adolphine, siku moja nitakukalisha kwa ile nyumba ya Muhumba, mbele ya kioo, unakunywa chai, unaangalia ziwa." Adolphine akajibu, "Nitakuja na mukeka wangu. Ile viti ya wazungu inaumizaka mugongo." Tulicheka sana. Kumbe Télesphore ahadi ile aliiweka moyoni, na sasa ndiyo inayotuuma.

Vita vya mamluki vya 1967 vilimfukuza Monsieur Emile, hakurudi. Mwaka ule ule, katika kukimbia, Télesphore na Adolphine walimzika mtoto wao Benoît kando ya barabara, na kaburi hatukulipata tena. Nyumba ya Muhumba ilivunjwa vioo, mbao za sakafu zikapikiwa maharagi, na ukuta chini ya dirisha ukatobolewa. Mwaka 1974 serikali ilimpa mtu ambaye familia imemkataza Pascal kumtaja. Yeye alifuga mbuzi sebuleni. Télesphore alipopita ziwani kwa pirogi akaona mbuzi wanachungulia ziwa pale alipoahidi kumkalisha mke wake, hakula siku nzima.

Mwaka 1982 Citoyen Walumona, mfanyabiashara wa Shabunda, aliinunua nyumba akataka irudi kama zamani. Karatasi za mchoro zilikuwa zimepotea kabisa. Ndipo watu walipomkumbuka fundi wa mafundo. Kuanzia Machi 1982 mpaka Septemba 1984 Télesphore aliijenga upya, na Pascal huyu akiwa msaidizi wake. Anachokisema amekiona. Fremu za mbao za libuyu, mawe meusi moja moja, baraza yenye kupinda, vyote vilitoka kwenye kamba. Mawe aliyakata mwenyewe, siku nzima ndani ya vumbi, kitambaa mdomoni. Nyumba yake ya Bagira wakati huo ilikuwa inavuja, mabati yameshikwa na mawe. "Nitaitengeneza nikimaliza ya watu," alisema. Hakuitengeneza, na mvua hii ya leo iko inaingia mule.

Miaka miwili na nusu ufunguo wa Muhumba ulikuwa mfukoni mwake. Kila siku saa sita maman Adolphine alimletea chakula, wakala nje, juu ya mawe ya ziwa. Siku dirisha lilipopata kioo, Adolphine alisimama mlangoni akaomba:

"Télesphore, leo nikae kidogo tu?"

"Hapana. Mwenye nyumba hajakaa."

"Nani atatuona?"

"Baba yetu alinifundisha: fundi hakaeke kwa nyumba kabla ya mwenyewe kuwasha moto. Ngoja. Siku ya kufungua tutaingia wote, kwa mlango wa mbele."

Adolphine akaokota sahani zake akarudi Bagira. Heshima ile ilikuwa nzuri, lakini Pascal atasema mbele ya kaburi: ilikuwa kosa.

Kwa maana Jumamosi tarehe 29 Septemba 1984, siku ya kufungua, Télesphore alivaa abakosti, koti la sherehe la Pascal, mikono ikiishia nusu, na Adolphine akafunga liputa, kitenge kipya. Mlinzi wa getini aliwatazama akasema, "Mafundi wanapitia nyuma." Télesphore, mtu ambaye angeweza kumtajia urefu wa geti lile amefumba macho, alimshika mke wake mkono wakazunguka nyuma. Walipewa chakula jikoni, wakala wamesimama. Walirudi Bagira kwa miguu, maman akiwa amebeba viatu mkononi. Citoyen Walumona yuko hapa, amekaa mbele, amesikia. Hakujua, ametuambia, na tumempokea. Lakini ilifanyika, basi tuiseme.

Mwaka 1985 kikohozi kikaanza. Daktari wa hospitali kubwa ya mjini alisema mapafu yamejaa vumbi, dawa hakuna. Télesphore hakuilaumu nyumba hata mara moja. Sisi tunailaumu. Alikonda mpaka kamba ikamzunguka kiuno mara tatu. Wiki ya mwisho alimshika mke wake mkono akasema, "Ningekukalisha ile siku. Nilikuwa na ufunguo. Unisamehe." Alifariki Alhamisi tarehe 5 Novemba 1987, saa kumi za alfajiri, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Jana, tulipokuwa tunaenda kuchukua mwili, kamyoneti ya Citoyen Walumona ilipitia Muhumba kuchukua mabenchi ya matanga. Maman Constance, mke wake, alimwona mjane ndani ya gari. Alikuja mwenyewe, akamshika mkono, akamwingiza kwa mlango wa mbele. Akamvutia kiti. Adolphine akakataa: mjane hakai kwenye kiti mpaka mume wake azikwe. Basi akakaa chini, kwenye sakafu, mbele ya kioo. Pascal alikuwa nyuma yake, amebeba kamba ya marehemu.

Hapa lazima Pascal awarudishe mwaka 1983. Jioni moja Télesphore alirudi Bagira akamkuta mke wake amekaa kwenye mkeka, anachagua maharagi. Akachukua kamba, akampima kutoka mkekani mpaka kidevuni, akafunga fundo la uzi mwekundu. Adolphine alipiga kelele: "We! Unanipima sanduku? Niko mufu?" Yeye akacheka tu. Kesho yake alimwambia Pascal ukuta wa chini ya dirisha ujengwe mfupi kuliko ule wa zamani. Pascal akabisha: mwenye nyumba anataka kama zamani! "Fanya vile nimesema," akajibu. Hakueleza zaidi, na hakuna aliyegundua.

Jana Adolphine, amekaa chini, aliona ziwa lote bila kuinua shingo. Akapitisha kiganja juu ya ukingo wa dirisha. Kisha akasema, "Pascal, leta kamba." Pascal aliishusha kutoka ukingo wa dirisha mpaka sakafuni. Fundo jekundu likagusa sakafu.

"Ile siku ya maharagi," maman akasema. Maman Constance alileta chai. Adolphine aliinywa yote, akilia, akaomba kikombe cha pili, akakiweka sakafuni pembeni yake, hakukigusa.

Marehemu anaacha mjane, Adolphine, watoto watatu, Madeleine, Marcellin na Noëlla, wajukuu sita, na mdogo wake Pascal, ambaye ameshindwa kutokasirika. Kamba yake iko naye ndani ya sanduku, kiunoni, isipokuwa kipande chenye fundo jekundu, ambacho maman amekikata akabaki nacho.

Télesphore, kazi imeisha. Mungu akufungulie mlango wa mbele, akuambie ukae. Pumzika kwa amani, kaka.