Mama Fyuzi, Mbunifu wa Swichi ya Wazi

Mpendwa wetu tuliyemsindikiza hapa leo alizaliwa tarehe 14 Julai 1964, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha nguo, mtoto wa tatu wa mwoka mikate na mshonaji. Huyu aliyekuja kuufanyia umeme kazi maisha yake yote, utotoni aliuogopa kuliko nyoka. Pasi ya mama yake ilimrusha mara moja, na tangu hapo mpaka darasa la tano akawa anawasha taa kwa mpini wa mwiko. "Endelea hivyo hivyo, mwanangu," mama yake alimwambia, "utaolewa na mshumaa."

Alisoma shule ya msingi ya jirani na kiwanda, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, na mwaka 1984 akaingia chuo cha ufundi kusomea uhandisi wa umeme. Hofu haikumtoka, alijifunza kuitumia. Kila alichochora alikiuliza kwanza: kikiharibika, kitamuumiza nani? Walimu walimwona mzito wa kumaliza kazi. Hata hivyo alihitimu mwaka 1988, na vizuri.

Mwaka uliofuata aliajiriwa katika karakana ya usanifu ya shirika la umeme, chumba kirefu chenye meza za kuchorea, harufu ya mafuta ya transfoma na dirisha lisilofungika. Huko fundi mmoja wa laini za umeme alikuja kuchukua fyuzi, na marehemu akakataa kumpa mpaka aeleze zile za mwanzo ziliunguzwa na nini. Walibishana karakana nzima ikasikia. Wiki iliyofuata fundi akarudi.

"Leo umeunguza nini?" akaulizwa.

"Leo sijaunguza kitu. Nimekuja tu."

Mafundi wakamwita Mama Fyuzi kabla hajawa mama wa mtu. Yeye na fundi yule walifunga ndoa tarehe 17 Aprili 1993, wakajaliwa binti na mvulana.

Familia imeomba jambo moja lisimuliwe kwa urefu, maana marehemu mwenyewe hakulificha kamwe.

Miaka ile, ili fundi atengeneze waya mmoja, mtaa mzima ulizimwa. Mama Fyuzi alibuni swichi ya kufungwa juu ya nguzo, ndani ya sanduku la chuma, ya kukata tawi moja la laini huku kwingine kukibaki na umeme. Asubuhi ya tarehe 9 Novemba 1998 ilipelekwa kujaribiwa mbele ya wakubwa wa shirika. Aliyejitolea kupanda alikuwa mumewe, na ugomvi juu ya jambo hilo ulianzia jikoni kwao. "Swichi umeichora wewe," alimwambia. "Sasa apande mume wa nani?"

Mpango ulikuwa hivi: kituo kizime umeme, swichi ikate tawi, fundi apande nguzo iliyofuata, kisha kituo kirudishe umeme ili wote waone upande wake umebaki bila kitu. Nyaya za kuunganisha laini na ardhi, za kumlinda fundi umeme ukirudi kwa bahati mbaya, zilikuwa zimebaki kwenye gari lingine. Marehemu mwenyewe ndiye aliyevuta mkono wa swichi. Ukasimama sawasawa kwenye alama ya KATA. Mumewe akapanda, akatundika kipima umeme kwenye waya, kikanyamaza. Wakubwa wakatabasamu.

Lakini ule mkono ulikuja mwepesi mno.

"Kuna kitu kimekatika ndani," alimwambia mkuu wa karakana. "Waambie kituo wasirudishe."

Mkuu akabonyeza redio, ikakoroma tu. "Mama, mkono si umesimama panapotakiwa?"

"Mkono ndiyo. Visu vya ndani vinavyokata umeme sivioni."

Akaigeukia nguzo aliyopanda mumewe, akapaza sauti: "Baba watoto, shuka!"

"Nimeshafika! Usiniaibishe mbele ya watu!"

Basi Mama Fyuzi akashika vyuma vya nguzo, akaanza kupanda na viatu vyake vya ofisi. Soli ikateleza. Mumewe alipotazama chini alimwona ananing'inia kwa mkono mmoja. Akaacha kila kitu, akashuka mbio.

"Una wazimu wewe?"

"Shuka kwanza. Utanitukana chini."

Hawajamaliza kujipangusa matope, kipima umeme kilichoachwa juu kikaanza kulia. Umeme ulikuwa umerudi kwenye waya ule ule, na mkono wa swichi bado uko kwenye KATA.

 Mama Fyuzi aliketi kwenye kokoto, akaomba sanduku lifunguliwe. Sanduku lilipofunguliwa, pini iliyounganisha mkono na visu ilikutwa imekatika. Mkuu akashauri iwekwe pini nene zaidi, kazi iendelee.

"Hapana," alisema Mama Fyuzi. "Fundi atabaki anaamini alama. Nataka aone kwa macho yake."

Akaliondoa sanduku lote. Swichi ya Wazi iliyotoka karakana mwaka 2000 ina visu vya nje. Vikikata, aliye chini anaiona anga katikati. Mumewe ndiye aliyepanda tena. Baada ya jaribio la kwanza alikuwa amenuna nyumbani majuma kadhaa, ila si kwa sababu ya swichi. "Swichi nimemsamehe," aliwaambia ndugu. "Ni vile viatu."

Alistaafu mwaka 2022 akiwa mkuu wa karakana ile ile.

Februari 2024 alianza kuumwa mgongo na kupungua mwili. Daktari alipokuwa anazungukazunguka kwa maneno, alimkatiza: "Niambie kama unavyomwambia mwenzako wa kazi. Kimeharibika nini, na kinatengenezeka?" Ilikuwa saratani ya kongosho, na haikuwa ya kutengenezeka. Mumewe hakukubali. Alihangaika hospitali hii na ile, kila jioni akirudi wodini na jina la daktari mwingine.

"Acha kukimbia," marehemu alimwambia. "Ukikimbia unaniacha na manesi, na wao kazi yao ni kuniuliza naendeleaje."

Mumewe akavuta kiti, akaketi. Hapo ndipo alipokuwa asubuhi ya Jumapili, tarehe 18 Agosti 2024, mkono wa mkewe ukiwa ndani ya wake. Binti yao alikuwa akimsomea mama yake kurasa za michezo, kama alivyoomba. Pumzi ya mama ilipokatika, baba aliinua uso, akamwashiria asikatize, naye akasoma habari ile mpaka mwisho.

Ameacha mume, binti na mwana wa kiume, mkwe, wajukuu wawili, dada yake mkubwa, na mafundi wa laini waliomwita mama.

Apumzike, na pumziko lake liwe la amani.