Kadi Yetu na Nauli ya Mzee Hafidh

Kijiwe cha kahawa cha Nyange kipo bandari ya Mkoani, Pemba, jirani na dirisha la tikiti za boti. Pana benchi, birika la kahawa, na kopo ambalo kila mnywaji hutumbukiza pesa yake mwenyewe, maana Nyange hashiki pesa akiwa anamimina. Anasema zinaharibu ladha. Asubuhi hiyo Mzee Hafidh alifika kanzu imenyooka, uso umekunjamana. Alasiri anatakiwa Unguja kumwozesha Asma, binti yake wa pekee, na pesa zake karibu zote kaziweka benki ili naye aonekane wa kisasa. Dirishani kadi imekataa.

— Wasema mtandao wa nje hauitiki. Nje wapi? Mie nipo hapa, boti ipo pale!

— Ndiyo mambo yenyewe hayo, yakhe, alidakia Haroub, aliyebandikwa jina la Setlaiti kwa kujua kila kilichoko angani. Ukichomeka kadi, habari yako yavuka bahari, yenda kwa wenyewe huko. Waulizana: huyu Hafidh twamjua? Na saa hizi wamelala.

— Wamelala wote? aliuliza Mjaka Bunge, mtu wa kupinga hata salamu. Hawana zamu?

— Mwenye zamu kaenda kula.

— Basi dawa ni kadi yetu wenyewe, alisema Mjaka. Ukichomeka Mkoani, jibu litoke humu humu nchini.

— Nchini mbali! alidakia Setlaiti. Mie nataka ya Pemba. Mtambo tuuweke Kengeja.

— Umeme ukikatika?

— Tuuhamishie kisiwani Kojani.

— Kwa mashua? Si utalowa!

Hafidh alikuja kutafuta msaada, lakini utamu wa maneno ulishamteka.

— Iwe na picha ya karafuu, alisema. Tena inukie. Karani akiinusa tu ajua ni yetu, mtandao wa nini?

Hata Setlaiti alikubali. Hafidh alijisikia mshindi, akaongeza kikombe, akatumbukiza shilingi zake za mwisho koponi.

Ndipo akapita Bi Moza, jirani yake, tikiti mkononi.

— Hafidh! Boti yataka kuondoka, nawe wakaa?

— Kadi imekataa, Bi Moza. Twaitafutia dawa.

Bi Moza aliwatazama, macho yakatua kwenye kopo lililofurika sarafu na noti zilizokunjwakunjwa.

— Na hizo hazipandi boti?

Setlaiti aliangalia juu. Hafidh aliona haya, kisha hofu ikamshika: Asma ataolewa baba yake yupo kahawani.

Honi ikalia. Nyange akamsukumia kopo kifuani.

— Nenda, bwana!

Hafidh alitimua mbio, kanzu kaipandisha magotini, kopo likilia kwapani. Mbele yake Bi Moza alikwishafika, mguu mmoja gatini, mwingine kwenye ngazi, akiwakatalia mabaharia wasiivute.

Kijiweni Mjaka alimaliza kahawa yake, akabaki na sarafu mkononi.

— Sasa mie nilipe wapi?