Mti wa Avokado na Jirani Niliyemsingizia

Bwana asifiwe. Mmeitikia kama watu waliotoka nyumbani bila chai, lakini nitapokea hivyo hivyo. Mchungaji amenipa dakika kumi, na kwa vile mnanijua, wenye watoto wadogo wakae karibu na mlango.

Nimeomba kusimama hapa kwa sababu nimezeeka, na kuna jambo ambalo sijawahi kulisema kanisani. Mmenisikia mara nyingi nikishuhudia jinsi Mungu alivyonitunza mimi mjane na watoto wangu wawili katika miaka ya vita vya Shifta. Ni kweli alinitunza. Lakini niliwapa nusu ya habari, ile nusu inayonipendeza. Leo naleta ile nyingine. Sitataja jina la mtu, maana wengine wamelala kaburini na wengine watoto wao wako papa hapa mjini wananiuzia maziwa.

Ninyi vijana mnasikia tu habari za miaka ile. Saa kumi na mbili jioni, kafyu, kila mtu ndani. Barabara ya kaskazini haipitiki ila kwa msafara wa askari. Ukikutana na mtu, kabla ya kumsalimia unamwangalia uso kujua ni wa upande gani. Tuliishi hivyo, na ubaya wake ni kwamba tulizoea.

Mume wangu alinileta hapa Isiolo kutoka Meru. Alikuwa dereva wa lori la kazi ya barabara, na tulikuwa na nyumba ya mabati kule Kiwanjani. Siku moja akarudi kutoka kwao na mche wa avokado ndani ya mkebe wa mafuta. Mche wa kupandikizwa, jamani, si ule unaojiotea jalalani. Siku hizo avokado Isiolo ilikuwa kitu cha kuletwa kwa gari. Watu wakacheka. Wakamwambia hapa hata miiba inaomba maji. Yeye akachimba shimo la kufika kiunoni, akalijaza samadi ya mbuzi na udongo mweusi aliobeba kwa lori, akapanda. Halafu kila jioni akawa anaoga kando ya ule mti, kusudi maji yasipotee. Nikimwambia watu watakuona, ananijibu, "Wacha waone, bora mti unywe." Nilimpenda mtu yule, nisiwafiche.

Mti ulikuwa umenifika kifuani wakati lori lake lilipokanyaga bomu lililotegwa ardhini na Shifta huko kaskazini. Sanduku lilipokuja niliambiwa nisilifungue. Nilikuwa na mtoto wa miaka mitatu na mwingine wa kunyonya.

Ndugu zangu, nilianza kuchukia. Sikumchukia mtu mmoja, nilichukia lugha nzima. Nikisikia Kiborana sokoni, lugha ya watu waliosemwa kuwa upande wa Shifta, naacha nilichokuwa nanunua naondoka. Na nyuma ya nyumba yangu, ng'ambo ya ua wa miiba, alikuwa amekuja kuishi mama mmoja mzee wa Kiborana, kutoka Biliqo. Ng'ombe wake wote walikuwa wamekwisha katika zile shida, na watu wake wametawanyika. Alikuwa na kibanda, mbuzi mmoja, na gunia moja lililofungwa kwa kamba. Watoto wa mtaa walimwita Akoo, yaani nyanya kwa lugha yao. Kila asubuhi ananisalimia juu ya ua, "Salaam aleikum, intala." Intala ni binti. Mimi nilikuwa nageuka upande mwingine nikikung'uta blanketi lisilo na vumbi.

Alfajiri nilikuwa natoka watoto wakiwa bado wamelala, nakaa karibu na ule mti nalia. Hapo ndipo nilipokuwa naona mume wangu yuko. Kaburi lilikuwa Meru, lakini mti ulikuwa hapa.

Basi asubuhi moja nikachelewa kutoka. Nilipofungua mlango nikamwona yule mama ndani ya ua wangu, ameinama kwenye shina, anamwaga kitu kwa mkono. Aliponiona akatabasamu, akaondoka polepole. Nikaenda kuangalia. Unga wa kijivu, mweupe-mweupe, na chini yake mwingine wa zamani ulioshikana na udongo. Kumbe alikuwa akija siku nyingi. Na majani ya mti wangu, yaliyokuwa na wiki mbili yanaungua kwenye kingo kama karatasi iliyopitishwa motoni, sasa nikajua ni kwa nini. Anaua mti. Wamemaliza mtu, sasa wanamaliza na mti wake.

Nilifunga mtoto mgongoni, mimi huyo mpaka kwa hedmani, yule mzee wa serikali mtaani. Nikamwambia jirani yangu ananiwekea sumu kwenye mti. Hedmani akacheka. Akasema, "Mama, niko na vita hapa. Niandike habari ya mti?"

Sikilizeni sasa, maana hapa ndipo nilipoanguka. Ningerudi nyumbani. Mlango ulikuwa wazi. Lakini nilimwangalia yule mzee akicheka, nikasema, "Kuna wanaume wanakuja kwake. Wanaume wenye bunduki. Anawapa chakula." Hakuna mwanaume niliyemwona. Hata paka sikumwona akiingia kwa yule mama. Maneno yalitoka mdomoni mwangu yakiwa yamenyooka kabisa, na hedmani akaacha kucheka akachukua kalamu.

Alasiri hiyo hiyo askari wakaja wakamchukua. Alipofika kwenye njia akageuka akanipigia kelele kwa lugha yake, anaonyesha kwa mkono. Nilijua ananilaani. Niliingia ndani nikafunga mlango. Mtaani wakasema atapelekwa na lori kwenye kijiji kile kilichozungushiwa waya, mbali huko, ambako wazee walikuwa hawarudi.

Kesho yake mbuzi wake akalia asubuhi yote. Mtoto wangu mkubwa akachoka kumsikia, akaenda akamfungua. Mbuzi yule hakutafuta maji wala majani. Aliruka ua akaja moja kwa moja kwenye mti wangu, akaanza kulamba udongo. Analamba, anapiga kwato, analamba tena.

Nikakaa juu ya debe nikimngoja afe. Msinishangae. Nilitaka afe sana, kwa maana akifa mimi nina haki. Jua likapanda. Mbuzi akashiba, akalala kivulini, akaanza kucheua, ananiangalia na yale macho yao ya dharau. Saa sita ilipofika nikainuka, nikachukua udongo ule kwa kidole nikaweka ulimini.

Ulikuwa munyu. Chumvi! Ile chumvi ya kuchimba wanayolambishwa mifugo. Baba yangu mwenyewe alikuwa anawapa ng'ombe wetu kule Meru, na alikuwa anaificha kama watu wanavyoficha sukari. Nikaenda kwenye kile kibanda nikafungua gunia. Chumvi tupu, na ilikuwa imebaki robo. Yule mama alipopoteza kila kitu, hicho ndicho alichobeba kutoka Biliqo, akingojea siku atakapopata ng'ombe tena. Na alikuwa anaimwaga kwangu, konzi kwa konzi.

Nililia mpaka watoto wakalia pamoja na mimi bila kujua tunalilia nini.

Kwenda kwa hedmani mara ya pili kulikuwa kugumu. Kudanganya serikali wakati wa vita si mchezo. Watoto wangu wangebaki na nani? Nilikuta watu wamepanga foleni nje. Niliposema nataka kuongea faraghani akakataa, akaniambia niseme pale pale. Nikasema. "Wanaume niliowataja hawapo. Nilisema uongo kwa sababu nina uchungu." Hedmani akaniangalia mpaka nikatamani anipige. Akaniambia nikae chini kwenye jua na nisiondoke. Nilikaa mpaka saa tisa, mtoto mgongoni. Mwishowe akatoka na karatasi. "Lori linaondoka kesho," akasema. "Nenda umtoe wewe mwenyewe. Na ukirudi hapa tena na habari ya mti, nitakufunga."

Nilimkuta kwenye kituo cha askari ameketi chini, kitambaa chake kimejaa vumbi, midomo imepasuka. Swahili yake ilikuwa ya kuombea maji, na yangu wakati ule haikuwa bora. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mbuzi nakunywa?" Hiyo ndiyo laana niliyopigiwa jana yake. Alikuwa ananiomba nimpe mbuzi maji.

Hakujua ni nani aliyemweka pale. Tulirudi amenishika mkono, njia yote ananiombea dua, anamwambia Mungu anilipe. Kila "amin" yake ilikuwa inanichoma. Lakini sikumwambia ni mimi.

Nikamuuliza, kwa nini chumvi? Akashangaa swali lenyewe. "Naona wewe nalia hapo kila siku," akasema. "Mti yako imekonda. Ndama ikikonda, napewa chumvi." Alidhani naulilia mti.

Nikamwita bwana shamba. Akaangalia, akatikisa kichwa. Akasema hakuna mti unaochukia chumvi kama avokado, dawa ni kuiosha na maji matamu, mengi, mpaka chumvi izame chini kabisa, na huenda tumechelewa. Akoo alipoelewa kwamba amechoma mti kwa mkono wake, alifunika uso kwa kitambaa. Halafu akauliza debe liko wapi.

Tulibeba maji kutoka mtoni, sisi wawili, madebe sita kila asubuhi. Siku ya tisa au ya kumi, tukiwa njiani, nilishindwa. Nikasimama nikamwambia, "Akoo, ni mimi. Ni mimi nilisema uongo wakakuchukua." Nikarudia mpaka nikaona macho yake yameelewa.

Hakunitukana. Alitua debe chini taratibu, tone halikumwagika, akaenda zake mikono mitupu.

Siku ya kwanza nilibeba maji peke yangu. Nikamsalimia juu ya ua, akageuka upande mwingine. Nilijua nimemfundisha mimi. Siku ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, hata mbuzi alifungwa mbali na kwangu. Nilisema basi, amekwenda huyu, na mti wenyewe unaangusha majani mpaka umebaki na tawi moja la kijani.

Alfajiri ya siku ya nne nikasikia hodi. Nikafungua. Akoo, kitambaa safi kichwani, uso bado umekunjwa. "Salaam aleikum, intala," akasema. "Dini yangu nilipewa siku tatu ya kununa. Imeisha. Wapi debe?"

Nilianguka miguuni pake. Akaniambia niamke, jua linapanda na mti una kiu.

Ndugu zangu, ule mti uliishi. Upande mmoja ulikauka tukaukata, lakini ule mwingine ulishika. Ulizaa vita vikiwa vimekwisha. Nilimkatia Akoo tunda la kwanza, akalitafuna kwa muda mrefu sana akitazama juu, kisha akasema, "Hii ni siagi bila ng'ombe." Hakuomba la pili, ila mbegu aliiweka. Alinilelea watoto wangu mpaka wakawa wanaota kwa Kiborana. Alipofariki, wanawake wa kwao waliniita, mimi Mkristo, nikae pamoja nao kama binti wa marehemu.

Namshukuru yule hedmani aliyeniaibisha mbele ya foleni, kwa sababu bila aibu ile nisingepona. Namshukuru bwana shamba. Na yule mama namshukuru kila siku, lakini shukrani kwa maiti haitoshi, ndiyo maana nimesimama kwenu.

Najua mnalofikiri. Mnasema sisi tumeamriwa jua lisichwe tukiwa na hasira, kwa hivyo siku tatu ni nyingi, sisi tumepewa jioni moja tu. Vizuri sana. Sasa niambieni, ni nani humu ambaye jua halijamchwea? Mimi kutoka hapa naona wawili katika benchi moja ambao hawajasalimiana tangu ile harusi. Namwona mwingine ambaye alisema neno juu ya jirani yake na anajua halikuwa kweli. Msigeuke kuangaliana, sitawataja. Yule mwanamke alinuna siku zake, akazihesabu, na zilipoisha akaja mlangoni kwangu na hasira bado iko usoni. Hakungoja iishe.

Basi kwa kuwa jioni moja imetushinda, leo nawakopesha siku tatu za Akoo. Nuneni, mna ruhusa, nuneni vizuri. Leo ni Jumapili, na Jumatano zitakuwa zimekwisha. Alhamisi asubuhi nataka mji huu usikie hodi.