Kopo la Buluu la Mama Clotilde

Wasikilizaji wapendwa, simameni! Hii ndiyo sauti kuu ya Likasi, redio ya shule yetu ya bweni, inayosikika mpaka miisho ya dunia! Kwa kweli inaishia soko la Kikula, na hiyo ni siku ambayo hakuna aliyeanika soksi kwenye antena. Basi kaeni.

Leo tunamkumbuka Mama Clotilde, aliyefariki mwezi uliopita kwa kiharusi. Ninarudia: Mama Clotilde, Mutwa, wa jamii ya Batwa wa msituni, kutoka upande wa Mitwaba, mponda mawe wa machimbo ya Kakontwe. Binti yake, yaya Josée, maana hapa kwetu kila dada mkubwa ni yaya, yuko nami hapa mezani. Amenimiminia maji, maana koo langu linawasha. Nisameheni nikikohoa.

Mama Clotilde alikuwa na ulimi. Mjenzi mmoja alilalamika kwamba kokoto zake ni kubwa mno. Akamjibu: «Basi ongeza nyumba.»

Siku moja kichwa kikaanza kumgonga. Akaenda kituo cha afya, kwa daktari Danielle, anayetibu ukoo mzima, bibi mpaka mjukuu. Danielle akampima: tansion, yaani shinikizo la damu, iko juu sana. Dawa ni kila siku, akasema, na kidonge cha kwanza unameza hapa hapa.

Katika chumba cha kungojea pana ndoo ya maji na kopo moja. Wagonjwa wote hunywea hilo. Mama Clotilde akalishika. Mwanamke mmoja akaruka kutoka benchini.

— Weye mama! Ile kopo ni ya bantu!

— Na minye ni nani? Mbuzi?

Watu wakacheka. Yeye pia alicheka, anasema yaya Josée, lakini kidonge kilibaki mkononi. Daktari alisikia kicheko kutoka ndani, akafikiri leo wagonjwa wana furaha.

Muuguzi Bertin, kwa moyo mwema kabisa, alimnunulia Mama Clotilde kopo lake mwenyewe, la buluu, ili asisumbuliwe tena. Akalitundika nje, kwenye msumari, chini ya bomba la mvua. Kopo la wote ndani. Kopo la Clotilde nje. Kila mtu aliona jambo limetengenezwa vizuri. Dawa ni ileile, bei ni ileile, daktari ni yuleyule. Ni kopo tu.

Aliporudi kwa ajili ya dawa, Mama Clotilde aliliona, akageuka, hakurudi tena. Daktari alimtuma Josée amuulize.

— Maman, dokta anauliza juu ya dawa.

— Ile kopo yangu ingali ku musumari?

— Ingali.

— Basi umwambie: siku ile itaingia mu nyumba, na minye nitaingia.

Josée alipeleka maneno hayo kama yalivyo. Daktari alitabasamu. Alidhani ni utani wa mama, kama kawaida yake. Kopo likabaki nje.

Kiharusi kilimkuta kwenye mawe yake, nyundo mkononi. Hakuamka.

Msibani daktari Danielle alilia. «Nilimutibu sawa na bote,» alimwambia Josée. Kesho yake Josée alikwenda kituoni, akalitoa kopo msumarini. Ndilo hili lililo mbele yangu, na maji aliyonimiminia yamo humo. Wasikilizaji wapendwa, hatimaye kopo la Mama Clotilde limeingia ndani! Liko mezani, kati ya ndugu walio sawa! Sisi vijana wa leo hatujui tena mambo ya kubagua…

— Gracien, mudogo yangu. Tangu tuanze unakohoa. Maji unaiangalia tu.

— Yaya, ni mafua.

— Mafua inakataza kunywa?

Wenzangu wanacheka nyuma ya kioo cha studio. Mimi sicheki.

Wasikilizaji, sina mafua. Nyumbani nilifundishwa, kwa upole, bila mtu kupaza sauti, kwamba hatunywi nyuma ya Mutwa, katika chombo alichonywea yeye. Nimewaandikia maneno haya yote mazuri, na midomo yangu haikusahau. Sasa nimelishika kopo.

— Acha, anasema yaya Josée. Usikunywe juu ya redio. Utakunywa siku hakuna muntu wa kukusikia.

Amelivuta kwake. Anakunywa mwenyewe.

Pole, yaya Josée. Pole kwa ukoo wote wa Mama Clotilde. Nanyi mnaotusikiliza, angalieni ndoo ya maji ya nyumbani kwenu, na nani hunywea wapi. Mimi bado niko hapa mezani. Koo langu ni kavu.