Mama Mkwe Alipogeuza Gari

Kahawa ya saa nne ilikuwa ndiyo kwanza imemiminwa vikombeni kwenye benchi la mbele ya duka la kinyozi, na fundi friji wanayemwita Gesi alikuwa na jambo linalomwasha kifuani tangu jana. Wiki nzima mama mkwe wake alikuwa mgeni nyumbani kwake, na kati yao hapakupita neno ila salamu. Ndoa yenyewe mama aliikubali shingo upande. Jana mkewe, ambaye ni nesi, akaenda zamu ya asubuhi, mvua ikawafungia wawili hao sebuleni, kimya kikawa kizito hadi Gesi akawasha gemu ya kwenye runinga, walau pawe na kelele. Mama akaitazama pedi ya pili ya kuchezea, akauliza, "Hiyo ya nani?"

— Ukampa? — Wembe, kinyozi, akauweka mkasi chini.

— Ningeanzaje kumnyima? Tukawa majambazi wawili, polisi nyuma yetu. Yeye dereva, mimi nimepakata mfuko wa almasi.

Breki, dereva wa teksi, akapaliwa na kahawa.

— Wewe na mkweo! Mnaiba!

— Tunaiba ile mbaya! Anakata kona, matairi yanalia, mimi huku nimeng'ang'ania kochi. Tukafika darajani. Nikauacha mfuko garini, nikashuka kuondoa kizuizi, polisi wakanidaka. Mama ameshavuka, mfuko anao, gemu imeshamwandikia ameshinda. Unajua alifanya nini? Akageuza gari! Akawavaa polisi kumi na wawili, honi juu, anapiga kelele: "Mwachieni mwanangu!" Tukakamatwa wote.

Benchi zima likalipuka kwa kicheko.

— Alikosea kitufe tu, — Wembe akasema. — Alitaka mbele, akabonyeza nyuma.

— Kitufe gani! Yule ujanani aliendesha magari ya mashindano. Mimi dereva, kona za kuzaliwa nazo nazijua.

— Basi ni askari kanzu! — Wembe akadakia. Kile kimya cha wiki nzima ulidhani cha nini? Anakupeleleza!

— Na wenzake kumi na wawili wamejificha kwenye friji zako mbovu! — Breki akaongezea.

Gesi alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akatulia.

— Lakini miaka minne ananiita "huyo". Kitufe cha "mwanangu" kiko wapi kwenye pedi?

Kabla hawajajibu, mama mwenyewe akatokea pembeni ya duka. Wakasimama wote kama wanafunzi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Mnanijadili?

Wembe, bingwa wa mdomo, akajikaza.

— Mama, ulishashinda. Ulirudi kufanya nini?

Akawatazama mmoja mmoja.

— Ningemwacha kule, jioni ningemwambia nini binti yangu?

Breki akampisha njia.

— Wewe njoo, — mama akamgeukia Gesi. — Gemu nimeshaiwasha. Leo unaendesha wewe.

Gesi akamfuata karibu akimbie, na mpaka wanapinda kona walikuwa bado wanasikika:

— Darajani hatupiti tena!

— Mama, njia ni hiyo hiyo moja!

— Nimesema kushoto, mwanangu!