Nilishuhudia Kabla Sijapona

Bwana asifiwe, wapendwa! Leo itikieni polepole. Mara ya mwisho niliposimama hapa mliitikia mpaka mabati yakatetemeka, kumbe mimi nilikuwa nimewahi mno.

Ndugu zangu, mnanijua: mama Neema, yule anayekimbia. Kila asubuhi kabla ya shamba nilishuka mtoni na kupanda kilima cha Titye mbio, kwa sababu kule juu ndiko nilikoomba vizuri. Tena nilikuwa na kiburi. Salamu yetu ya Kiha ni kuchuchumaa, kupiga makofi na kuulizana habari za nyumba nzima. Mimi niliwapungia wazee mkono, nikapita.

Kikaja kikohozi. Nikakonda, nikatema damu. Zahanati wakapima makohozi wakakuta kifua kikuu, nikapewa dawa za miezi sita. Mwezi wa pili kikohozi kikakata, hamu ya kula ikarudi. Nikaja hapa na maharage ya shukrani, nikatangaza kwamba Bwana ameniponya kabisa. Mliruka, ndugu zangu! Na mimi niliruka.

Kesho yake nikashika vidonge, nikaona aibu. Nimeshasema nimepona, mtu akinikuta nameza dawa atasemaje? Mchungaji hakuniambia niache, wala yeyote kati yenu. Aibu ilikuwa yangu mwenyewe. Nikavifukia vidonge kwenye debe la maharage ya mbegu, ambalo hakuna anayeligusa mpaka msimu wa kupanda. Kila nilipopewa vingine nikavifukia humo humo, nikarudi kilimani kukimbia.

Baada ya muda nikaanza kusimama njiani kusalimia. Wazee wakafurahi, wakasema mama Neema sasa amepata adabu. Haikuwa adabu. Nilikuwa natafuta pumzi.

Mvua za kwanza zikanyesha. Mama mkwe wangu, bibi Esteria, akafungua debe achukue mbegu. Mimi nilikuwa mkekani, damu imesharudi. Nikamwona anakuja na ungo, maharage upande huu, vidonge upande ule. Akakaa chini karibu yangu.

"Mama Neema," akasema, "maharage yakitoa maua, tunasema tumevuna?"

Nililia. Nikamwambia naogopa kanisa, nitasimamaje tena mbele ya watu.

"Basi kanisa hilo hilo litakuzika."

Asubuhi akanishika mkono mpaka zahanati. Nesi alinigombeza, na ilikuwa haki yake. Nikapimwa upya, nikaanza moja, nameza dawa mbele ya macho yake. Mwanangu Neema naye akapimwa, akakutwa mzima. Ndugu zangu, nilipiga magoti pale pale sakafuni!

Sitawaficha, miezi ile nilimkasirikia Mungu. Nilimuuliza mbona hakunifumba mdomo siku ile. Sasa naona alinijibu kwa mkono wa mama mkwe ndani ya debe. Na vile vidonge nilivyokuwa navionea aibu, navyo vilikuwa mkono wake.

Nilimaliza dawa zote. Vipimo vikatoka safi, nesi akaniruhusu kukimbia kidogo kidogo. Siku ya kwanza nilifika mtoni tu, kilima kikanishinda, nikakaa kwenye majani. Siku ya pili nikapanda hatua chache. Haraka haraka haina baraka, na mimi nilijifunza hilo kwa mapafu yangu.

Leo nimekimbia kutoka nyumbani, hizi nguo za ibada nimezifunga kwenye kitenge mgongoni. Nimechelewa kwa sababu nimesimama kwa kila mzee njiani. Nimechuchumaa, nimepiga makofi, nimeuliza habari za watoto na ng'ombe, na pumzi ilikuwepo. Asante, Yesu!

Sasa nasema na mtu mmoja. Humu ndani yupo mwenye dawa zake debeni. Simjui, Bwana anamjua. Ndugu yangu, ukifika nyumbani zitoe, kesho uende nazo zahanati. Mwamini Mungu, na umeze. Usituogope sisi tuliokupigia makofi. Siku ukipona kweli, tutakupigia tena.