Mama Candida wa Gerezani na Maguta Yasiyoingia Mashindanoni

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa majirani zetu Waislamu mliojaa uwanja huu wa Buguruni tangu Jumanne, asalaam alaykum. Kabla hatujaanza safari ya kwenda Rombo kumzika, familia imeona vyema msikie mama huyu alikuwa nani, maana wengi mlimjua kwa ubishi wake tu, na ubishi ule ulikuwa na sababu.

Mpendwa wetu Candida Beno Shirima, Mama Steven, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1962, Mkuu, Rombo, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Beno Shirima, aliyekuwa mhunzi, na mama Leticia. Alisoma shule ya msingi hapohapo Mkuu kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akafaulu, lakini ada ya sekondari ilikwenda kwa kaka zake, yeye akabaki kwa baba yake akivuvia moto wa chuma, jambo ambalo hakulinung'unikia wala hakulisahau.

Mwaka 1981 alikuja Dar es Salaam kwa shangazi yake, akauza vyuma chakavu Gerezani, hapo jirani na soko la Kariakoo, akajifunza kuchomelea kwa kuwasumbua mafundi na maswali mpaka wakampa mashine ili wapate kupumua, na tarehe 3 Mei 1994 akafungua karakana yake ya maguta, kwanza ya kanyagio, baadaye ya injini, yale ya magurudumu matatu yanayotoa mizigo sokoni. Alikuwa na utaratibu wake ambao hakuna fundi aliyethubutu kuuiga: guta jipya lilipakiwa magunia ya mchele hadi pomoni, kisha mama mwenyewe, na kitenge chake, alipanda juu ya magunia akapelekwa Buguruni na kurudi, na kama breki zilimtisha, guta halikuuzwa. Watoto wake walikuwa wakijificha wasionwe na wenzao wa shule, jamani, na yeye kule juu anawapungia mkono.

Alifunga ndoa takatifu na ndugu Zakayo Tarimo tarehe 6 Desemba 1986, kanisani Msimbazi, wakajaliwa watoto watatu, Steven, Evelyn na Stella. Baba Steven ni mpenzi wa langalanga, yale mashindano ya magari ya kasi ya kwenye televisheni, kupita kiasi, na Jumapili moja mama alimuuliza mbona kampuni ile iliyojaza magari yake Dar nzima haimo kwenye yale mashindano, naye akamfafanulia kama mwalimu, kwamba langalanga inameza fedha za kujengea kiwanda kizima, kwamba ukishindwa unashindwa dunia nzima ikikutazama, kwamba gari la mashindano halifanani na lile linalouzwa dukani, na kwamba anayenunua pikapu anataka kujua kama itamfikisha Tunduma na mzigo, si kama inakata kona kwa kasi, kwa hiyo wapo wenye viwanda wanaokaa pembeni kwa akili zao timamu, wala si kwa woga. Mama akasema, "Haya," akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka 2017 yakaanza mashindano ya maguta bondeni Jangwani, na karakana zote za Gerezani zikaingia kichwa kichwa, mafundi wakikata vyuma vya kukaza fremu ili guta liwe jepesi. Baba Steven na ndugu Mrisho, aliyekuwa fundi mkuu wa karakana, wakambana mama naye aingie, basi akawarudishia maneno yale ya langalanga yote, moja baada ya jingine, akamalizia kwamba guta tupu kukimbia si habari, kwani nani anakodi guta tupu? Baba Steven alinuna. Mrisho akahamia karakana ya jirani, mwaka uliofuata akashinda, wateja wakamfuata, mtaa mzima ukasema Mama Steven kaogopa, na tuseme ukweli, iliuma, Evelyn alimkuta jikoni analia. Kesho yake alikuwa juu ya magunia kama kawaida. Wauza viazi na vitunguu ndio waliobaki naye, na ndio waliomshika mkono.

Aprili 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo, daktari akampiga marufuku kupanda maguta, Stella akashika nafasi yake. Desemba iliyopita hali ilipozidi, Steven, ambaye ndiye anayeendesha karakana, alimwambia kazi inayumba, amruhusu aingize guta moja tu Jangwani, na mama, akiwa na dripu mkononi, akamjibu kwamba akishakufa afanye atakalo, ila kwanza alikwangue jina la Candida lililoandikwa nyuma ya guta. Alitutoka asubuhi ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Buguruni mliopika na kukesha nasi, mafundi wa Gerezani na wafanyabiashara wa Kariakoo mliofunga maduka kwa ajili yake. Nawe ndugu Mrisho, ambaye sasa ni mwenyekiti wa mashindano yale, jana ulikuja ukalia kama mtoto, ukaomba guta moja la mama liingie mwaka huu kwa heshima yake, na kombe lipewe jina lake, na tunajua uliomba kwa upendo. Steven ameagiza jibu lisomwe hapa, mbele ya mama yake na mbele yenu nyote, ili asipate pa kurudi nyuma hata kazi ikimkalia vibaya: jina halikwanguliwi, na guta haliingii.

Pumzika kwa amani, Mama Steven. Jangwani hatuendi.